Deni la Baridi

Naliweka swali mapema ili asiyelitaka apite ukurasa unaofuata. Mtu akitumia umeme, pesa na usingizi wake ili samaki 9 wa bustani wasife kwa baridi, amefanya jambo la haki, jambo la kijinga, au jambo baya? Tulilijadili kwenye kituo cha vijana hapa Nyarugusu Alhamisi tatu mfululizo, na sijawahi kuona vijana wakigombana hivyo juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona kwa macho.

Kitu chenyewe ni bwawa. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alipata safari ya nchi ya tatu na sasa anaishi jimbo la Ohio, Marekani. Wiki nzima yuko kwenye ghala la mizigo, na Jumamosi anamsaidia bibi mmoja, mwalimu mstaafu, kazi za bustani. Bustani ile ina bwawa dogo, upana wake kama chumba kimoja cha nyumba zetu, na ndani yake kuna samaki wa rangi ya chungwa ambao hawaliwi. Ni wa kutazama tu. Vijana walicheka sana hapo. Samaki wa kutazama! Kisha kaka akaeleza, kwenye sauti aliyonitumia, kwamba majira ya baridi yakikaribia bibi huweka kifaa cha umeme bwawani, na migomba yake miwili huivalisha nguo. Kicheko kikaisha. Mzee mmoja ambaye hupenda kukaa mlangoni kusikiliza tunayoongea akauliza kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo ya ziwa: "Batu banalala na njala, samaki yeye banamupashia mayi?"

Ndiyo swali, na mzee aliliuliza vizuri kuliko mimi. Lakini kabla ya kuhukumu kazi ya mtu ni vizuri kujua kwanza anafanya nini hasa, kwa hiyo nilimsumbua kaka kwa maswali. Yeye naye akamsumbua bibi.

Kwanza, lile bwawa halipashwi moto. Hapo wote tulikosea kuelewa. Maji yana tabia moja ya ajabu. Yakipoa yanakuwa mazito na kuzama, kama tunavyotegemea, lakini yakifika nyuzi 4 hivi mambo yanageuka: yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena, yanabaki juu, na huko juu ndiko yanakoganda. Barafu inaelea. Chini yake, kama bwawa lina kina cha kutosha, maji yanabaki kwenye nyuzi 4 hizo, na samaki wanashuka huko wakatulia. Wenye mabwawa huchimba angalau sentimita 60, na kwenye baridi kali huchimba hata mita moja na zaidi, ili chini pabaki mahali pa kujificha. Barafu yenyewe inageuka kuwa blanketi.

Sisi tuliolelewa na Ziwa Tanganyika inabidi tuisome habari hii mara mbili. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na maji ya juu ni vuguvugu mwaka mzima, nyuzi 24 hadi 28 hivi. Ndagala na mikeke wanaishi juu, kwenye hewa. Ukishuka kupita mita 200 hivi hakuna oksijeni, samaki hawezi kuishi huko. Kwetu uhai uko juu na chini ni kaburi. Kwenye bwawa la bibi, wakati wa baridi, juu kunaganda na uhai unakimbilia chini. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tunahukumu malezi ya watu wengine kwa ramani ya ziwa letu.

Sasa kifaa cha umeme. Kinaelea juu ya maji, na kazi yake yote ni kuzuia barafu isifunge kabisa. Kinaacha tundu moja, labda la upana wa sufuria. Basi. Samaki hafi kwa ubaridi wa nyuzi 4, huyu wa rangi ya chungwa anauvumilia. (Perege wetu asingeuweza. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 wengi wao hufa.) Kinachomuua ni kufungiwa. Majani yaliyoanguka majini yanaoza chini, yanakula oksijeni na kutoa hewa chafu, na barafu ikiziba pande zote hewa hiyo haina pa kutokea. Ndiyo maana bibi na kaka hutandaza wavu juu ya bwawa miti inapoanza kupukutisha majani, na huyatoa yaliyozama kabla ya baridi. Ndiyo maana pia, theluji ikianguka juu ya barafu, kaka huifagia, ili mwanga ufike kwa mimea iliyo ndani ya maji nayo iendelee kutoa oksijeni. Nilipenda sana picha hiyo: mtoto wa Fizi, na koti na kofia, anafagia juu ya maji.

Na umeme ukikatika? Hapo ndipo nilipojifunza kitu kilichonikaa kichwani. Mtu asiyejua atachukua nyundo aipasue barafu. Usifanye hivyo. Kishindo kinasafiri ndani ya maji na kumfikia samaki aliyelala chini, kinaweza kumuumiza au kumuua kabisa. Anayejua huchemsha maji, huyatia kwenye sufuria, halafu anaiweka sufuria juu ya barafu na kuishika mpaka izame taratibu. Hamwagi maji ya moto. Anasubiri tu, kwenye baridi, ameinama, mkono kwenye mpini. Kaka anasema inachukua muda, na vidole vinauma.

Kwa hiyo hesabu ya mzee ibadilike kidogo. Bibi hawanunulii samaki starehe. Anawaachia tundu la kupumulia.

Lakini kwa nini awaachie? Mito na maziwa ya Marekani imejaa samaki wanaoishi chini ya barafu miezi mitatu minne, wengine wanakufa, na hakuna anayewafagilia theluji. Kijana mmoja wetu alilishikilia hilo: ama tuwalilie wote, ama tusimlilie hata mmoja. Anapenda mambo yaliyonyooka, na ni mbishi mzuri. Mimi nilimuuliza juu ya mbuzi wa jirani yake. Mbuzi akiwa huru, kiu ikimshika anakwenda mtoni mwenyewe. Ukimfunga kamba umechukua miguu yake. Kuanzia hapo wewe ndiye miguu yake, na kiu yake inakuhusu hata kama hukuiumba wewe. Samaki wa rangi ya chungwa hakufika Ohio kwa kuogelea. Mababu zake walifugwa China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakachaguliwa rangi kizazi baada ya kizazi, wakasafirishwa kwa meli, wakauzwa, na huyu akawekwa kwenye shimo lenye kuta ambalo hawezi kuhama akiona linaganda. Samaki wa mtoni anaweza kutafuta mahali penye kina. Huyu kina chake ni kile alichochimbiwa. Basi aliyechimba anadaiwa baridi yote. Hadaiwi kwa huruma, maana huruma mtu anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Anadaiwa kwa sababu ya ukuta.

Hapo nilidhani tumefika. Kumbe bado kuna mimea, na mimea ilinisumbua zaidi.

Jalidi, yaani umande unaoganda usiku, ni kitu ambacho wengi wetu hapa Kigoma hatujakiona, ingawa wenzetu Watanzania wa Makete na Njombe wanakijua vizuri, hasa Juni na Julai. Majani mororo yana maji ndani. Maji hayo yakiganda, jani linapasuka na kunyauka kwa ndani, na asubuhi jua likilipiga linakuwa jeusi na kulegea kama sombe iliyomwagiwa maji ya moto. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kujikusanya mabondeni, kwa hiyo mche ulio chini ya mteremko unaungua wakati wa juu yake umepona. Wenye bustani wana njia zao. Vyungu vinasogezwa karibu na ukuta wa nyumba, kwa sababu ukuta unatunza joto la mchana. Udongo unamwagiwa maji kabla ya usiku wa jalidi, maana udongo wenye unyevu unashika joto kuliko mkavu. Mashina yanafunikwa matandazo. Juu unatandazwa kitambaa chepesi cheupe, na asubuhi kinaondolewa ili mmea upumue na upate jua. Kuna ua linaitwa dalia, asili yake Mexico, lenye viazi chini kama vyetu. Hilo wanaliacha jalidi ya kwanza iunguze majani, kisha wanakata shina, wanafukua viazi, wanavikausha na kuvilaza mahali pakavu pasipoganda mpaka majira ya joto. Na ile migomba miwili, aina inayotoka China, inafungwa majani makavu mpaka juu kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Haizai ndizi za kula. Nayo ni ya kutazama.

Sasa kuna ua jingine. Dogo, lenye rangi kali, jekundu, la waridi au jeupe, linapenda kivuli na unyevu. Jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana. Wamarekani na Waingereza hulipanda kwa mamilioni mbele ya nyumba zao. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka Tanzania mpaka Msumbiji. John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alilipeleka kwao, na miaka ya 1880 wataalamu wa bustani ya Kew, London, wakaliita kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar kabla ya jina la sasa kushika. Lina ndugu yake katika safari, ua la Usambara linaloitwa Saintpaulia, lililotumwa Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1890. Yule wa Usambara anakaa ndani, dirishani, anapewa maji kwa kipimo. Lakini huyu wa kwanza anapandwa nje, anachanua miezi mitano, na jalidi ya kwanza ikianguka anakufa usiku mmoja. Hakuna anayemfunika. Mwaka unaofuata wananunua mwingine, ni bei rahisi. Kwenye pakiti za mbegu anaandikwa kuwa ni mmea wa msimu mmoja.

Na si kweli. Kwao huku anaishi miaka. Ni wa msimu mmoja kule tu, kwa sababu kule hakuna anayekusudia kumvusha.

Nililifikiria jambo hili siku nyingi kuliko inavyostahili ua. Sisemi ua linaumia. Sijui kama nina haki ya kumlaumu bibi wa watu kwa kuacha maua yafe, wakati mimi nang'oa lengalenga kila jioni bila kuomba msamaha. Tofauti ya ua na samaki ipo: samaki anatafuta pumzi, ua halitafuti kitu. Lakini neno lile "msimu mmoja" lilinishika koo. Linaonekana kama sifa ya mmea, kumbe ni habari ya mwenye bustani, ni mpango wake yeye. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Nimekulia ndani yake nikisikia kwamba kila kitu hapa ni cha muda: nyumba ya muda, darasa la muda, kitambulisho cha muda, na sisi wenyewe ni watu wa muda. Nilikuwa nadhani hiyo ni sifa yetu. Siku hizi, mtu akiniambia kitu ni cha muda, nauliza: muda wa nani?

Kaka nilipomwambia ua lile linatoka huku hakuniamini. Nikamtumia maelezo, akanyamaza siku mbili. Oktoba, kabla ya jalidi, alimwomba bibi akate vikonyo vinne. Bibi akamwambia usihangaike mwanangu, yanauzwa tele dukani majira ya joto. Akakata hata hivyo, akavitia kwenye glasi ya maji. Ua hilo linatoa mizizi upesi majini, na vitatu vilishika. Viko dirishani jikoni kwake ghorofa ya tatu, na hana ardhi ya kuvipanda.

Turudi kwa mzee wa mlangoni, maana sijamjibu. Jibu rahisi ni kwamba pesa ya kifaa cha bibi isingefika kwenye sufuria yake hata bibi asingekuwa na samaki. Ni kweli lakini ni jibu la kukwepa. Jibu la pili, ambalo vijana wengi walilipenda, ni kwamba huruma si gunia la mgao, eti ukimpimia huyu inapungua kwa yule. Anayemjali mnyama atamjali na mtu. Mimi siliamini sana hilo, na kaka ndiye aliyeniharibia. Jumamosi zake mbili za kwanza alifanya kazi pale na viatu vya kitambaa, soksi zimelowa, hizo ndizo alizokuwa nazo. Waliifunga migomba siku ile, mashina yote mawili, kwa uangalifu kama mtoto mchanga. Jumamosi ya tatu ndipo bibi alipotazama chini akasema, "Jamani, viatu vyako!" Akamletea buti za marehemu mumewe. Kaka hana kinyongo, anampenda yule mama kabisa, lakini aliniambia, "Mdogo wangu, aliona baridi ya mgomba kabla ya kuona ya kwangu."

Kwa hiyo mzee ana haki kwa sehemu. Kumtunza samaki hakumfundishi mtu kumwona jirani. Jicho linazoea kile ulichokizungushia ukuta, na yule aliyeingia kwa mlango wa nyuma linaweza lisimwone wiki mbili. Lakini mzee hana haki katika jambo moja, nami nilimwambia kwa adabu, maana ni mzee wangu. Wapo watu wanaosema "kwanza watu" ambao hawajawahi kufika hata kwa hao watu. Wanalitumia neno hilo kama kufuli. Ukimwuliza kuhusu samaki anasema kwanza watu, ukimwuliza kuhusu watu wa kambi anasema kwanza raia, ukimwuliza raia anasema kwanza wa kwetu, mpaka unakuta aliyebaki ni yeye peke yake na sahani yake. Mzee akacheka, akasema hao anawajua. Akaongeza kwamba mtu aliye na kitu kimoja tu cha kutoa ampe mtoto kabla ya samaki. Na hilo sina la kulipinga.

Jambo lililozua kelele kubwa lilikuwa la chakula. Kaka alisema kwamba maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi wanapunguza kuwalisha samaki, na yakipoa zaidi wanaacha kabisa, hata wiki nyingi. Mwili wa samaki hauna joto lake mwenyewe, unafuata maji. Maji yakipoa, moyo wake unakwenda polepole, tumbo linasimama, chakula ukimpa hakisagiki. Kinachobaki kinaoza majini na kula oksijeni ile ile tunayoilinda. Kumlisha wakati ule ni kumdhuru kwa upendo.

Basi kijana mmoja akasimama, akasema kwa sauti ya ofisini, mnaijua ile sauti: "Ndugu wakimbizi, tumepunguza mgao kwa faida yenu, msije mkawa tegemezi." Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Lakini nataka tusiishie kwenye kicheko, hasa ndugu zetu wafanyakazi wa misaada mnaosoma jarida hili, maana mfano wa samaki unaweza kuibwa kirahisi. Mwenye bwawa anaacha kulisha kwa sababu ameutazama mwili wa samaki. Anapima maji. Siku maji yanapopata joto anarudisha chakula, kidogo kidogo. Mgao wetu miaka hii umepunguzwa mara kadhaa, na hakuna aliyepima maji. Ghala ndilo lilitazamwa. Huenda ghala kweli lilikuwa tupu, sibishi, na mtu anayetuambia "ghala ni tupu" ananiheshimu. Asiniambie tu kwamba ni kwa ajili ya tumbo langu. Tumbo la mtu halina majira ya baridi. Mama anayenyonyesha hasimami moyo Januari akaanza tena Aprili.

Vivyo hivyo kwa lile neno wanalolipenda, kukomaza. Wote tuliofanya kazi kitaluni tunajua miche inavyokomazwa kabla ya kupelekwa shambani. Unapunguza kivuli nusu saa leo, saa moja kesho, unapunguza maji taratibu, na ukiona majani yamelala unarudisha. Wenye bustani za baridi wanafanya hivyo hivyo: mche uliolelewa ndani unatolewa nje mchana na kurudishwa usiku, wiki moja au mbili, ndipo unalala nje. Mwenye kukomaza yuko pale na ndoo mkononi. Akiondoka na kivuli na ndoo siku moja, hicho alichokifanya kina jina lake, nimeshalitaja hapo juu, na huko Makete wanalitambua asubuhi kwa rangi ya majani ya viazi.

Alhamisi ya tatu mtu aliuliza kwa nini bibi asiwarudishe tu samaki kwao, deni liishe. Nilikuwa nalingoja swali hili, kwa sababu hapa kambini tunalisikia kwa sura nyingine kila mwezi. Wapo wenye mabwawa wanaofanya hivyo hasa: wakichoka wanabeba ndoo mpaka mtoni wanawamwaga. Matokeo ni mabaya. Wengine wanakufa, na wanaopona wanakua wakubwa, wanatibua tope, wanakula mayai ya samaki wa pale na kuharibu mto wa watu. Na mto wa Ohio si kwao. China nako si kwao tena. Baada ya miaka 1,000 ya kuchaguliwa rangi, hakuna maji yanayowajua. Kumrudisha kiumbe ni jambo zuri kama kuna mahali palipobaki wazi panamngoja, na kama yeye ndiye anayeuelekea mlango. Kama hakuna, kurudisha ni jina tu la kumwaga.

Hapo binti mmoja wa miaka 17, ambaye kwa kawaida haongei, akanyoosha mkono. Akauliza kama samaki wale wote walinunuliwa, au wengine wamezaliwa mle mle bwawani. Sikujua. Tulimpigia kaka pale pale, kwake ilikuwa asubuhi, akasema watano walinunuliwa, wanne wamezaliwa mle.

"Basi hao wanne hakuna aliyewaleta," binti akasema. "Nani anawadai baridi yao? Samahani, nani anadaiwa?"

Yeye mwenyewe amezaliwa hapa, zahanati ya kambini. Nilimjibu ninachoamini: kwamba nilikosa neno niliposema deni linatokana na safari au na kununua, linatokana na ukuta, na ukuta umewazunguka wanne kama ulivyowazunguka watano. Anayeushika ukuta leo ndiye anayedaiwa, hata kama si yeye aliyechimba. Mbishi wangu akasema kwa hiyo bibi akifa na nyumba ikiuzwa, mnunuzi anarithi samaki pamoja na deni. Nikasema ndiyo. Akasema na kama mnunuzi hakuwataka? Binti akamjibu kabla yangu, kwamba hata wao hawakumtaka mnunuzi. Wakaendelea hivyo, wawili wao, hadi saa kumi na mbili nilipolazimika kufunga mlango, wakaendelea nje.